Tuanze na Uwanja

Mwishoni mwa mwaka 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, ambaye baadaye, Machi 2021, aliapishwa kuwa Rais, aliwaagiza Watanzania wafanye mazoezi ya viungo kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Sababu ya agizo lile ilikuwa njema na ya kweli: magonjwa yasiyoambukiza, yaani shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo na mengine ya ukoo huo, yalikuwa yakizidi kuwatafuna watu wetu. Nililipokea agizo lile kwa furaha. Mimi ni mwalimu wa walimu. Nilikuwa mkufunzi na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu, na kila siku nimeamini kwamba mwili wa binadamu ni amana kama ilivyo akili yake.

Katika mji wetu Jumamosi ya kwanza ilifana. Wakubwa walikuja na fulana mpya, matarumbeta yalipigwa, na sisi wazee tulipangwa nyuma ili tusije tukakanyagwa na vijana. Tulikimbia, au niseme kweli, tulijikokota, kiasi cha kilometa mbili kandokando ya barabara kuu huku askari wakiyazuia magari. Safari yetu iliishia kwenye shule moja ya msingi ambako hotuba zilikuwa zisomwe. Kumbe tulipofika hapakuwa na pa kusimama! Uwanja wa shule ile, ambao naukumbuka ukiwa na magoli mawili na nafasi ya netiboli pembeni, ulikuwa umekwisha kugeuka fremu za maduka upande wa barabara na madarasa upande wa pili. Hotuba zikasomewa barabarani. Mwezi uliofuata walikuja nusu ya watu. Mwezi wa nne nilijikuta nimesimama na wazee wenzangu wawili, tukatazamana, tukaenda kunywa kahawa.

Ndugu msomaji, sisemi haya kwa kulibeza agizo. Kiongozi anayewaambia watu wake watunze afya zao anastahili kushukuriwa. Ila nina neno moja la kusema, na nitalisema bila kuzungukazunguka: serikali haiwezi kumwagiza mwananchi afanye mazoezi kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukimnyang'anya mahali pa kuyafanyia. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna mtu aliyepata kutangaza katika nchi hii kwamba watoto wasicheze, wala wazee wasitembee. Lakini uwanja ukijengwa, kipindi cha michezo kikifutwa, na barabara ikichongwa bila njia ya mguu, ni tangazo gani tena unalolingojea?

Kwanza tukubaliane juu ya ukubwa wa jambo lenyewe, maana wako wanaodhani mazoezi ni starehe ya watu wenye nafasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kumtoa jasho kiasi, na mtoto wa shule apate wastani wa dakika 60 kila siku. Takwimu za shirika hilo zinaonyesha kuwa mwaka 2022 watu wazima wapatao bilioni 1.8 duniani, yaani asilimia 31, hawakufikia kiwango hicho. Kwa vijana wa miaka 11 hadi 17 hali ni mbaya zaidi: mwaka 2016 asilimia 81 yao hawakukifikia. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila watu wazima wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Mmoja katika wanne! Hesabu wakazi wa nyumba yako, kisha hesabu wa nyumba ya jirani.

Mimi mwenyewe niko katika hesabu hiyo. Miaka michache baada ya kustaafu nilipimwa, na daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, aliniandikia vidonge, kisha akaweka kalamu chini akasema, "Babu, dawa nyingine haiuzwi hapa. Tembea nusu saa kila siku." Nikamwahidi. Kesho yake asubuhi nikatoka na fimbo yangu. Kutoka kwangu hadi sokoni barabara ni ya lami, nzuri, imenyooka. Lakini pembeni yake hakuna njia ya mtu anayetembea. Lipo bega la changarawe la upana wa hatua mbili, na juu ya bega hilo wamepanga mama ntilie, mafundi viatu, matofali ya mtu anayejenga, na bodaboda zinazokwepa foleni. Siku ya tatu bodaboda moja ilinigusa kiwiko. Kijana akasimama, akaniambia kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee, samahani, lakini na wewe unatembea barabarani." Sikuwa na jibu. Alisema kweli. Nilikuwa natembea barabarani kwa kuwa nchi yangu haikunipangia pengine pa kutembea.

Sasa niseme habari za zamani, lakini kwa tahadhari. Najua ilivyo tabia ya wazee kuyapamba ya jana. Sisi tuliosoma na kufundisha katika miaka ya 1960 na 1970 tulilelewa na mchakamchaka. Alfajiri, kabla ya darasa, shule nzima ilikuwa njiani ikikimbia na kuimba. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kazi ya mikono na ukakamavu vilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Yalikuwako mabaya yake, na sitayaficha. Watoto wengi walikimbia bila kutia kitu tumboni. Aliyechelewa alichapwa, na mtoto mwenye pumu au mguu mbovu alionekana mvivu. Palipo na fimbo mtu hujifunza kuchukia kile anacholazimishwa, na wako wenzangu ambao hawajakimbia hata hatua kumi tangu walipomaliza darasa la saba. Kwa hiyo sidai turudishe mchakamchaka kama ulivyokuwa. Nadai turudishe kilichokuwa chini ya mchakamchaka: ardhi, wakati na mwalimu.

Kila shule niliyoijua ilikuwa na uwanja. Haukuwa wa majani laini. Ulikuwa wa vumbi wakati wa kiangazi na wa tope wakati wa masika, lakini ulikuwako, na mpaka wake ulijulikana na kila mzazi. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakutoka katika nchi yenye viwanja vya dhahabu. Alitoka katika nchi ambayo mtoto alikuwa na pa kukimbilia. Nami simtaji kwa sababu ya nishani. Namtaja kwa sababu kwa kila Bayi mmoja walikuwako maelfu waliokimbia pamoja naye wasishinde kitu chochote isipokuwa moyo mzima na miguu mizima ya kuingilia utu uzima.

Je, ardhi hiyo ilikwenda wapi? Hapa ndipo ninapotakiwa kukiri la kwangu kabla ya kunyoosha kidole kwa wengine.

Chuo nilichokiongoza kilikuwa na uwanja wa mpira wenye njia ya mbio ya mita 400, ambayo wanachuo waliichora upya kwa chokaa kila muhula. Tulikuwa na shimo la mchanga la kurukia, magodoro ya kubingirikia, kamba, na ubao wa kupandia ukutani uliotengenezwa na fundi wetu wenyewe. Alikuwako mkufunzi wa Elimu ya Mwili, mtu mwembamba asiyesema sana, aliyewafundisha wanachuo namna ya kumfundisha mtoto wa miaka saba kurukaruka, na namna ya kumshirikisha mtoto mlemavu asibaki ametupwa chini ya mti kulinda sweta za wenzake. Wanachuo walipokwenda kufundisha kwa majaribio katika shule za jirani, kipindi cha mazoezi kilikaguliwa na kupewa alama sawasawa na kipindi cha hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja wakati wa haraka. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002, watoto wakamiminika, na nchi ikahitaji walimu na madarasa kwa upesi usio wa kawaida. Lilikuwa jambo jema, na sitalitukana. Lakini haraka ina gharama yake, na gharama hutafuta mtu asiye na mtetezi. Idadi ya wanachuo ikaongezwa, muda wa kukaa chuoni ukapunguzwa, na ratiba ikabana. Nikaitisha kikao cha taaluma. Tukauliza: ni kipindi gani kinaweza kuondoka bila kelele? Wote tulijua jibu kabla swali halijamalizika. Kipindi cha Elimu ya Mwili kikabaki ratibani kwa jina, lakini saa zake zikagawanywa kwa masomo ya mtihani. Baada ya mwaka mmoja ikaja barua ikitaka sehemu ya ardhi ya chuo "isiyotumika" itolewe kwa ujenzi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeufanya uwanja usitumike. Nikaweka sahihi.

Yule mkufunzi alikuja ofisini kwangu jioni ile. Hakugomba. Alisimama mlangoni akasema, "Mkuu, mwalimu hufundisha alichofundishwa. Hawa tunaowatoa mwaka huu hawatajua kuchezesha mtoto, na watoto wao hawatajua kucheza." Nikamjibu kama wanavyojibu watu wenye madaraka: kwamba tuko katika kipindi cha mpito, na kwamba uwanja utapatikana mbele ya safari. Haukupatikana. Magodoro yaliliwa na panya stoo. Mwenzangu yule alipangiwa kufundisha somo jingine hadi alipostaafu.

Miaka kadhaa baadaye nilipita shule moja nikamkuta mwalimu aliyehitimu kwetu katika mwaka ule. Kilikuwa kipindi cha michezo. Yeye alikaa kivulini akisahihisha madaftari. Wavulana kumi na wawili hivi walikuwa wakipiga mpira wa matambara katika kichochoro kati ya madarasa mawili. Waliobaki, wasichana wote wakiwamo, walikaa ukutani wakitazama. Alinisalimu kwa heshima kubwa. Nilitaka kumkemea, lakini ningemkemea kwa lipi? Yeye alikuwa anafanya hasa kile nilichomfundisha.

Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyotokea nchi nzima, kwa sahihi za watu wengi wema. Madarasa ya MMEM, kisha ya sekondari za kata, kisha maabara, kisha madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za mkopo wa wakati wa UVIKO-19 mwaka 2021 na 2022, yote yalihitajika. Mtoto asisomee chini ya mwembe. Lakini mara ngapi darasa jipya lilichimbiwa msingi katikati ya uwanja, kwa kuwa uwanja ni ardhi iliyo tambarare, iliyo tupu, isiyodai fidia? Halafu mbele ya barabara yakaja maduka, kwa hoja kwamba shule inahitaji mapato. Ndivyo tulivyomtoa mtoto uwanjani, kisha tukampa daftari aandike faida tano za michezo.

Wala tusidanganywe na wingi wa karatasi. Karatasi tunazo. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Sera ya Maendeleo ya Michezo iliandikwa mwaka 1995. Shule za msingi zilipata kuwa na somo zima lililoitwa Haiba na Michezo, ila halikuwamo katika mtihani wa darasa la saba, na katika nchi ambayo shule hupimwa kwa mtihani, somo lisilotahiniwa ni sawa na mgeni asiyetengewa kiti. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 hata mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa, yakaja kurudishwa wakati wa serikali ya awamu ya nne. Nilikaguliwa mara nyingi nilipokuwa mkuu wa chuo. Niliulizwa juu ya ufaulu, juu ya mahudhurio, juu ya vyoo, juu ya hesabu za fedha. Tangu saa zile zigawanywe, hakuna mkaguzi hata mmoja aliyeniuliza mwanachuo wangu anaweza kuruka kimo gani.

Liko kosa jingine la fikra, nalo ni kuchanganya michezo na mazoezi. Tukisikia neno michezo tunafikiri Simba na Yanga, tunafikiri Taifa Stars. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yakifika, shule yenye watoto elfu moja huchagua kumi na watano walio hodari, huwapa jezi, na mia tisa themanini na watano waliobaki huambiwa washangilie. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na mabilioni yakatengwa kwa viwanja vya watazamaji. Sipingi. Nami ni mpenzi wa mpira, na timu yangu ikifungwa silali vizuri. Lakini taifa la watazamaji si taifa la wanamichezo. Kijana anayeujua msimamo wa ligi ya Uingereza kwa moyo, anayekaa kibandani kuanzia adhuhuri hadi usiku akijaza mkeka wa kubeti, huku akihema akipanda ngazi za ghorofa moja, huyo hakusaidiwa na sera yoyote ya michezo. Uwanja wenye viti elfu thelathini humketisha mtu. Mimi natafuta uwanja wa kumsimamisha.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba watu wetu wengi ni wakulima na wanatembea vya kutosha. Ni kweli kwa mkulima, na mama anayepalilia tangu alfajiri hahitaji kuambiwa na mtu mwenye kiyoyozi afanye mazoezi. Anachohitaji ni kupumzika. Lakini tusikilize sensa. Mwaka 1967 waliokaa mijini walikuwa kama sita tu katika kila watu mia moja. Katika sensa ya 2022, ambapo tulihesabiwa milioni 61.7, waliokaa mijini walikuwa karibu 35 katika kila mia. Mtoto wa yule mkulima sasa ni mlinzi, ni karani, ni muuza duka, ni dereva. Anakaa kutwa. Anakula chipsi na soda. Na kitambi chake, badala ya kumtisha, kinampa heshima mtaani, kwa sababu bado tunakiona kuwa ni dalili ya mambo kumnyookea.

Jibu la pili ni kwamba mazoezi ni hiari ya mtu. Hiari! Mwambie hayo msichana wa kidato cha nne anayetaka kukimbia jioni katika mtaa wetu. Atazomewa na vijana wa kijiweni, atafuatwa na pikipiki, na akirudi nyumbani ataulizwa alikuwa wapi. Mwambie mama mtu mzima aliyevaa baibui lake, ambaye angependa kutembea na wenzake baada ya swala ya alfajiri, lakini njia ni giza na haina taa. Nilimuuliza mke wangu kwa nini haji kutembea nami. Akanijibu, "Baba, wewe ukisukumwa na bodaboda watu watasema pole. Mimi watasema nilikuwa natafuta nini njiani." Hiari isiyo na mahali pa kuitumia ni maneno matupu.

Jibu la tatu ni fedha. Hili ndilo hunikera zaidi, maana mara nyingi hutolewa na watu waliofika mkutanoni kwa magari manne. Tazama wenzetu. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu miaka ya 1970 hufunga barabara zake kila Jumapili asubuhi, zaidi ya kilometa mia moja, na watu kwa mamia ya maelfu, matajiri kwa masikini, hutoka kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Barabara zilikwisha kujengwa tayari. Kilichoongezwa ni vizuizi na uamuzi. Hapa jirani, Kigali ilianza mwaka 2016 kuwa na siku isiyo na magari katika baadhi ya barabara zake, kwanza mara moja kwa mwezi, kisha mara mbili, na watu hupimwa sukari na shinikizo la damu palepale. Agizo letu na siku yao vilizaliwa mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba wao walimpa mtu barabara, sisi tukampa hotuba.

Na Nairobi inatufundisha jambo la ziada: kwamba ardhi ya wazi haibaki wazi mpaka mtu aisimamie. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru. Mama Wangari Maathai akasema hapana. Alitukanwa bungeni, akaitwa majina, lakini hakurudi nyuma, na jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye alipigwa hata kujeruhiwa akiutetea msitu wa Karura, ambao viwanja vyake vilikuwa vikigawiwa watu. Baadaye msitu ule ulikuja kuwa mahali pa watu wa Nairobi kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli kati ya miti. Kila mtu anayepata pumzi pale anakula matunda ya ukaidi wa mwanamke mmoja. Mimi nilipoletewa barua yangu sikuwa na ukaidi huo, na ndiyo maana wanachuo wa leo hawana uwanja.

Basi nataka nini? Nataka mambo manne, nayo hayahitaji mkutano wa kimataifa.

Kwanza, kila uwanja wa shule na wa mtaa uliobaki upimwe, uwekewe mipaka, na upewe hati yake peke yake, tofauti na hati ya majengo, ili asiwepo mkuu wa shule, diwani wala mkurugenzi anayeweza kuutoa kwa sahihi moja kama nilivyofanya mimi. Darasa likihitajika, lijengwe kwenda juu. Watoto wanaweza kusoma ghorofani. Hawawezi kukimbia ghorofani.

Pili, Elimu ya Mwili irudi katika kila chuo cha ualimu kwa kila mwanachuo, si kwa wachache wanaokwenda kusomea michezo Malya. Mwalimu asipewe cheti kabla ya kuonyesha kwamba anaweza kuwachezesha watoto arobaini kwa dakika arobaini, wasichana kwa wavulana, wazima kwa walemavu, bila fimbo. Na mthibiti ubora anapofika shuleni, kabla ya kufungua faili la mitihani, aombe kuonyeshwa uwanja.

Tatu, barabara yoyote ya mjini inayojengwa kwa fedha za umma isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka iwe na njia ya mtu wa miguu, pana, yenye taa, na isiyokaliwa na magari wala pikipiki. Dar es Salaam ilionyesha kuwa inawezekana: barabara ya mwendokasi ya Morogoro, iliyoanza kutumika mwaka 2016, ilijengwa pamoja na njia za miguu na za baiskeli. Kwamba baadhi zilivamiwa ni kosa la usimamizi, si la wazo. Na wafanyabiashara wadogo wasifukuzwe kama wezi; wapangiwe mahali, maana nao wanatafuta riziki.

Nne, ile Jumamosi ya pili ya mwezi ipewe mwili. Kila mji ufunge barabara moja tu, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Pasiwe na fulana za bure wala meza kuu. Atakaye kutembea atembee, mtoto aendeshe baiskeli, bibi akae pembeni atazame wajukuu. Muuguzi mmoja awe na kipimo cha shinikizo la damu. Kiongozi akija, aje na raba zake akimbie.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ugonjwa ni ghali. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alipooza upande wa kulia. Watoto wake waliuza shamba la urithi kulipia matibabu na nauli za kliniki. Hapana sera iliyoandika kwamba familia ile ipoteze shamba lake, lakini nyuma ya hasara ile, pamoja na sababu nyingine, iko miaka ya kukaa kitako katika mji usio na pa kusogeza mguu.

Siku hizi natembea ndani ya uzio wa kanisa la jirani, kwa hisani ya padri, nikizunguka mara ishirini na mbili. Nimehesabu. Tuko wazee watano, na wawili kati yetu ni Waislamu. Padri hajamwuliza mtu dini yake. Mwezi uliopita aliungana nasi yule mkufunzi wangu wa zamani. Bado ni mwembamba, na ananishinda mwendo ingawa umri wetu ni mmoja. Mzunguko wa tatu nikamwambia lile ambalo ningemwambia zamani: kwamba siku ile mlangoni alisema kweli, nami nilikosea. Akatembea kidogo kabla ya kunijibu. "Mkuu," alisema, "wewe hukuwa peke yako. Lakini wengine bado wako ofisini, na barua bado zinakuja."

Kwao hao ndiko ninakoielekeza makala hii. Mimi nimekwisha kusema langu. Ndugu yangu uliye na kalamu mkononi leo, barua ikija ikikuita uitoe ardhi "isiyotumika" ya watoto, usiweke sahihi.